Sura ya Nne: Je, Milima ya Kilosa Inaweza Kulipuka?

Mwanafunzi wa Kilosa hufundishwa darasani kwamba Bonde la Ufa ndilo lililozaa Kilimanjaro, Meru na Ol Doinyo Lengai. Halafu huambiwa kwamba mkono mmoja wa bonde hilo unapita kwao. Akitoka nje anaiona safu ya Usagara na Rubeho imesimama magharibi mwa mji, juu ya mita 2,000, huku yeye yuko kwenye tambarare la mita 500 hivi. Akisafiri hadi Mikumi anayakuta mambo yaleyale: mbuga pana katikati, Uluguru upande mmoja, Rubeho na Udzungwa upande wa pili. Ni haki yake kuuliza: ikiwa bonde ni lilelile, na milima ni mirefu hivi, mbona hapa hapatoki moto? Na je, siku moja utatoka?

Jibu fupi ni kwamba milima ya Kilosa na Mikumi si volkano, haijawahi kuwa volkano tangu ilipopata sura tunayoiona leo, na hakuna dalili kwamba inaelekea huko. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu kuielewa nchi yake. Anayefahamu kwa nini moto haupo Kilosa atafahamu pia kwa nini maji ya moto yapo Kisaki, kwa nini ardhi hutikisika mara kwa mara, na kwa nini mto Mkondoa huingia mjini. Hayo yote yana chanzo kimoja.

Chini ya miguu yetu kuna nini?

Wengi tumekua tukiamini kwamba chini ya ardhi kuna bahari ya moto, na kwamba ukichimba vya kutosha utaifikia. Ukweli ni kwamba kuanzia juu hadi kina cha kilomita 2,900 hivi, dunia karibu yote ni mwamba mgumu. Mwamba ulioyeyuka upo, ila katika sehemu chache tu na kwa sababu maalumu.

Tabaka la juu kabisa huitwa gamba la dunia. Chini ya mabara gamba hili lina unene wa kilomita 35 hadi 40 kwa kawaida. Chini yake lipo tabaka la kati, ambalo ni mwamba wenye joto kali sana. Ni mgumu, lakini kwa sababu ya joto hilo husogea polepole, kwa kiasi ambacho huonekana tu ukihesabu mamilioni ya miaka. Chini zaidi kuna kiini, na sehemu yake ya nje ni chuma kilichoyeyuka. Kiini hicho kiko mbali mno, wala si huko inakotoka lava ya milimani.

Gamba la dunia na sehemu ya juu ya tabaka la kati, ambayo imepoa, zimeshikamana na kuwa kitu kimoja kigumu chenye unene wa kilomita 100 hivi, na penginepo zaidi. Kitu hicho kimevunjika vipande. Kila kipande huitwa bamba. Mabara na bahari vimebebwa juu ya mabamba hayo, nayo husogea milimita au sentimita chache kila mwaka.

Mabamba hukutana kwa namna tatu:

- Yanayoachana. Bamba moja huenda huku na jingine kule. Hivyo ndivyo ilivyo katika Bonde la Ufa, katika Bahari ya Shamu na katikati ya bahari ya Atlantiki.
- Yanayogongana. Moja huzama chini ya jingine, kama ilivyo Japani, Indonesia na kwenye milima ya Andes. Ikiwa yote mawili ni mabara, hakuna linalozama vizuri. Hukunjana na kunyanyua milima kama Himalaya.
- Yanayosuguana. Hupitana ubavu kwa ubavu, kama California na kaskazini mwa Uturuki. Hapa matetemeko ni mengi, volkano ni adimu.

Afrika Mashariki iko katika kundi la kwanza. Magharibi kuna bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika. Mashariki kuna bamba la Somalia. Katikati ya mabamba hayo mawili vimo vipande vidogo zaidi: bamba la Victoria, lililobeba nchi inayolizunguka ziwa hilo pamoja na kiini kigumu cha Tanzania, na bamba la Rovuma upande wa kusini mashariki. Mpaka kati yao si mstari mmoja. Ni ukanda mpana wenye mipasuko mingi, na Kilosa na Mikumi zimo ndani ya ukanda huo.

Jiwe linayeyuka vipi?

Volkano ni mahali ambapo mwamba ulioyeyuka hutoka juu ya ardhi. Ukiwa bado chini huitwa magma. Ukishatoka huitwa lava. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetafuta volkano ni hili: ni kitu gani kimeuyeyusha mwamba?

Joto peke yake halitoshi. Tabaka la kati lina nyuzi joto zaidi ya 1,300, na bado ni gumu, kwa sababu uzito wa miamba iliyo juu yake unalibana. Mgandamizo huo huzuia chembe za mwamba zisiachane. Ili mwamba uyeyuke, lazima mojawapo ya mambo haya litokee:

1. Mgandamizo upungue. Mwamba wa moto ukipanda kutoka kilindini na kukaribia juu, uzito unaoubana hupungua, nao huanza kuyeyuka bila kuongezewa joto hata kidogo. Hivi ndivyo inavyokuwa pale mabamba yanapoachana.
2. Maji yaingie. Sakafu ya bahari inapozama chini ya bamba jingine huenda na maji yaliyofungwa ndani ya madini. Maji hayo hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuyeyusha mwamba ulio juu yake. Volkano za Indonesia na Japani huzaliwa hivyo.
3. Joto liongezeke. Magma iliyopanda kutoka chini inaweza kupasha moto gamba lililo juu yake na kuyeyusha sehemu yake.

Katika Bonde la Ufa jambo la kwanza ndilo kubwa. Bamba likivutwa huku na huku hupungua unene; tabaka la kati hupanda kujaza nafasi; mgandamizo hupungua; magma huzaliwa. Kaskazini mwa Tanzania, Kenya na Ethiopia hili limetokea kwa nguvu, maana huko pia kuna mwamba wa moto kupita kawaida unaopanda kutoka kina kirefu.

> Kwa ufupi: Ufa peke yake hauleti volkano. Volkano huja pale ufa unapokuwa umelipunguza bamba kiasi cha kutosha, na chini yake pakawa na mwamba wa moto ulio tayari kuyeyuka.

Kutoka kilindini hadi mlipuko

Magma ni nyepesi kuliko mwamba mgumu unaoizunguka, kwa hiyo hupanda. Haipandi kwenye shimo moja lililo wazi. Hupenya kwenye nyufa, huzitanua, husimama, hujikusanya katika hifadhi iliyo kilomita chache chini ya ardhi, kisha husukuma tena. Nyingi haifiki juu kabisa. Hupoa njiani na kuwa jiwe.

Ikikaribia juu, gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake, hasa mvuke wa maji na hewa ya ukaa, hujitenga na kuwa mapovu. Kuanzia hapo, kinachoamua zaidi kama mlima utamwaga au utalipuka ni uzito wa magma yenyewe, yaani kama inatiririka kwa urahisi au kwa shida. Mpishi anayesonga dona anaijua siri hii. Maji matupu yakichemka, mapovu hupanda na kupasuka bila madhara. Uji ukishakuwa mzito, povu hunaswa, hujaa, halafu hupasuka ghafla na kurusha matone yanayomuunguza mkono. Magma nyepesi huachia gesi yake kwa urahisi na kutiririka. Magma nzito, yenye silika nyingi, yaani madini yaleyale yanayounda mchanga na kioo, huibana gesi hadi mlima upasuke na kurusha majivu angani.

Majirani zetu wanaonyesha tofauti hizo waziwazi.

Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ina lava nyepesi kupita kiasi. Tarehe 10 Januari 1977 ukuta wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likishuka mteremkoni kwa kasi iliyofikia kilomita 60 kwa saa. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama kwenye viunga vya mji huo.

Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya magadi na kaboneti. Lava yake ina nyuzi joto 500 hadi 600 tu, nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, na ikigusana na unyevu huwa nyeupe. Mwaka 2007 ilitupa somo muhimu. Mwezi Julai matetemeko mengi yalitikisa eneo la mlima Gelai, jirani na Lengai, na kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika hadi Nairobi. Chini ya Gelai magma ilikuwa ikipasua njia yake kwenye mwamba, lakini haikutoka. Mwanzoni mwa Septemba, Lengai yenyewe ikaanza kulipuka na kurusha majivu. Ardhi ilitangulia kusema kabla ya moto kuonekana.

Kusini, karibu na Tukuyu, zipo volkano za Rungwe na Kiejo, pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana. Kiejo ilimwaga lava mara ya mwisho miaka 200 hivi iliyopita. Meru, kule Arusha, ilitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910.

Sasa tazama ramani. Kutoka Kilosa hadi Lengai ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Mikumi hadi Rungwe nako ni zaidi ya kilomita 400. Kilosa na Mikumi zimekaa katika pengo kati ya volkano za kaskazini na za kusini. Kulielewa pengo hilo, inabidi turudi nyuma sana.

Nchi iliyokuwa mpakani mara nne

Okota jiwe mlimani juu ya mji wa Kilosa, au kwenye kokoto za njia ya reli. Mara nyingi utaona mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda, na vipande vidogo vya ulanga vinavyong'aa juani. Sasa lilinganishe na jiwe la Moshi au la Tukuyu, ambalo ni jeusi, chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na mara nyingi lina matundu yaliyoachwa na gesi. Hilo la pili ni lava iliyopoa. Jiwe la Kilosa ni mwamba geu, yaani jiwe la kale lililozikwa kwa kina kirefu, likabanwa na kupashwa moto hadi madini yake yakajipanga upya bila kuyeyuka lote. Mtu yeyote anaweza kuifanya kazi hii ya kulinganisha, bila kifaa chochote.

Miamba hii inatuambia kwamba nchi ya Usagara imewahi kukaa mpakani mwa mabamba zaidi ya mara moja.

*Mara ya kwanza* ilikuwa miaka bilioni 2 hivi iliyopita. Katika ukanda ambao wanajiolojia, yaani wataalamu wa miamba, wanauita wa Usagara, imepatikana miamba iitwayo eklojaiti. Mwamba huu huzaliwa pale sakafu ya bahari inaposukumwa makumi ya kilomita chini ya bara. Hiyo ni miongoni mwa shuhuda za zamani sana duniani kwamba mabamba yalikuwa tayari yakizama chini ya mengine. Volkano za zama hizo zilikuwepo pia, na mabaki yake yamo katika miamba ya kale upande wa Iringa. Zilikwisha kuzimika muda mrefu kabla ya kuwapo mnyama yeyote duniani.

*Mara ya pili* ilikuwa kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita. Mabara yaligongana na kunyanyua milima mikubwa iliyoenea toka kaskazini hadi kusini mwa Afrika Mashariki. Milima ile imeliwa na mvua na upepo. Tunachokikanyaga leo Uluguru na Usagara ni mizizi yake. Joto na mgandamizo wa mgongano huo ndivyo vilivyozaa rubi na spineli zinazochimbwa Mahenge na Matombo.

*Mara ya tatu* ilikuwa miaka milioni 300 hadi 200 iliyopita, katika zama za Karoo. Bara lilianza kuvutwa, mabonde yakadidimia na kujaa mchanga na tope vilivyogeuka kuwa miamba. Baadhi ya miamba hiyo iko Kidodi, kusini mwa Mikumi. Mvutano ule haukufika mwisho wake mahali hapa. Ufa ulisimama kabla ya kuwa bahari.

*Mara ya nne* ni sasa, katika miaka milioni michache iliyopita. Bara linavutwa tena, nalo linapasukia palepale lilipowahi kupasuka, kwa sababu penye kovu la kale ndipo penye udhaifu. Tambarare la Mkata, linaloanzia upande wa Kilosa na kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ni kipande cha ardhi kilichodidimia kati ya mipasuko. Safu ya magharibi ilibaki juu. Anayetoka Mikumi kwa basi kuelekea Ruaha Mbuyuni huupanda ukingo huo bila kuambiwa na mtu kwamba anatoka nje ya ufa.

> Kwa ufupi: Urefu wa milima ya Kilosa haukutokana na lava iliyorundikana. Ardhi ya mashariki ilishuka, ya magharibi ikabaki imeinuka, na mvua ikachonga mabonde katikati.

Basi kwa nini hakuna volkano?

Sababu ni tatu, na zinafanya kazi kwa pamoja.

Kwanza, mvutano ni mdogo. Mabamba ya Afrika Mashariki yanaachana kwa milimita chache kila mwaka, na kasi hupungua kadiri unavyotoka Ethiopia kwenda kusini. Chukua milimita 3 kwa mwaka kama mfano wa kufanyia hesabu: mita 1 itachukua zaidi ya miaka 300, na kilomita 3 zitachukua miaka milioni 1. Tena katika Tanzania mwendo huo umegawanyika kwenye mipasuko mingi, kila mmoja ukipata sehemu yake ndogo.

Pili, bamba bado ni nene. Magharibi mwa Kilosa kuna kiini cha kale cha Tanzania, kipande kigumu chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambacho ufa ulishindwa kukipasua ukalazimika kukizunguka. Ndiyo maana Bonde la Ufa lina tawi la mashariki na tawi la magharibi. Ukingo wa Kilosa uko kando ya kiini hicho, na bamba hapa halijavutwa kiasi cha kuliruhusu tabaka la kati lipande na kuyeyuka kwa wingi.

Tatu, joto kubwa liko kwingine. Mwamba wa moto unaopanda kutoka kilindini umejitokeza zaidi chini ya Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ndiyo maana safu ya volkano za kaskazini inashuka hadi Hanang, kisha inakoma.

Wala Kilosa si ya pekee. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, ni ufa mkubwa kuliko wa Mkata mara nyingi, na kando ya fukwe zake hakuna mlima unaotema moto. Katika tawi zima la magharibi volkano ziko katika maeneo machache tu, kama Virunga na Rungwe. Bonde la Ufa bila volkano ni jambo la kawaida.

Je, mambo yanaweza kubadilika? Katika hesabu ya mamilioni ya miaka, ufa ukiendelea kutanuka, magma inaweza kufika. Lakini haiji kimyakimya. Kama Gelai ilivyotuonyesha mwaka 2007, magma inayotafuta njia huleta matetemeko mfululizo kwa siku na majuma, huvimbisha ardhi, na huachia gesi. Kilosa na Mikumi hazina dalili hizo. Mstari mwekundu unaoonekana mlimani usiku wakati wa kiangazi ni moto kichaa unaochoma nyasi na misitu. Nyufa pana zinazotokea mashambani wakati huohuo ni udongo mweusi wa mbuga unaonywea ukikauka. Mvua ikinyesha huvimba na kujifunga. Udongo huo hupasua kuta za nyumba nyingi, na fundi hana budi kuujua, lakini hauna uhusiano wowote na volkano.

Maji ya moto bila moto

Kuna dalili moja inayowachanganya watu wengi. Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, maji hububujika ardhini yakiwa ya moto kabisa. Je, hiyo si ishara kwamba magma iko karibu?

Si lazima. Katika nchi yoyote, ukishuka chini joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kila kilomita 1. Maji ya mvua yanayozama kwenye mpasuko hadi kina cha kilomita 2 hupata nyuzi 50 hadi 60 zaidi ya yale ya juu. Yakipata mpasuko mwingine wa kupandia haraka, hufika juu kabla hayajapoa. Kinachohitajika ni ufa wa kina kirefu, na ufa ndicho kitu ambacho nchi hii inacho kwa wingi. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania imeliweka Kisaki miongoni mwa maeneo inayoyachunguza kwa ajili ya jotoardhi, yaani nishati inayopatikana kwa kutumia joto la ardhini. Kwa hiyo ufa usio na volkano unaweza bado kuwa na faida.

Faida nyingine zimezoeleka kiasi kwamba tunazisahau. Tambarare la Mkata limejazwa udongo ulioletwa na mito kutoka milimani. Ndipo penye mashamba ya mkonge ya Kimamba, na ndipo nyati, twiga na tembo wa Mikumi wanapata malisho. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ipo jinsi ilivyo kwa sababu ardhi ilididimia na kuwa tambarare lenye maji na majani katikati ya milima. Hata reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, haikuwa na njia nyepesi ya kuupanda ukingo wa ufa isipokuwa kulifuata bonde la mto Mkondoa. Reli ya kisasa, SGR, imetoboa mahandaki katika milima hiyohiyo.

Hatari iliyo kweli

Ufa uliojenga tambarare ndio pia ulioiweka Kilosa katika njia ya maji. Mto Kinyasungwe hukusanya mvua za Dodoma na Mpwapwa, hupita Gulwe, kisha huingia kwenye korongo na kushuka kwa jina la Mkondoa. Ndani ya korongo mteremko ni mkali na mto unabeba mchanga mwingi. Ukitoka kwenye ukingo wa ufa na kufika Kilosa, ardhi inakuwa tambarare ghafla. Mto hupunguza mwendo, hutua mzigo wake, kina chake hupungua mwaka hadi mwaka, na siku ya mvua kubwa hutafuta njia nyingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalivunja kingo, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibiwa vibaya. Kumbuka kwamba mvua inayoifurika Kilosa inaweza kuwa imenyesha mbali, huku anga la mjini likiwa jeupe.

Tulipata funzo la aina hiyohiyo Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vyake, na zaidi ya watu 80 wakafa. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, wengi walidhani umelipuka. Serikali ilieleza kwamba haukuwa mlipuko: sehemu ya mlima yenye mwamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka. Hata kwenye volkano yenyewe, kilichoua siku ile ni maji na tope.

Na tetemeko nalo lipo. Mipasuko ya ufa inasogea, hivyo lazima itikisike. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea mahali pasipo na volkano pia, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, hasa za matofali yasiyofungwa vizuri.

Kwa anayeishi kati ya Kilosa na Mikumi, basi, mambo ya kushughulikia ni haya:

- Usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mpaka huo, na Mkondoa umekwisha kuonyesha sababu yake.
- Wakati wa mvua, fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu Dodoma na Mpwapwa, si za Kilosa peke yake.
- Nyumba ya tofali ifungwe kwa lenta ya zege yenye nondo inayozunguka kuta zote, na msingi ushuke chini ya udongo wa mbuga.
- Misitu ya milima ya Rubeho na Ukaguru ilindwe na moto kichaa. Mteremko uliovuliwa miti ndio unaoujaza mto mchanga.
- Tetemeko likitokea, ondoka karibu na kuta na madirisha, na ukishakuwa nje kaa mbali na majengo.

Ya kukumbuka katika sura hii

1. Ardhi chini yetu ni mwamba mgumu. Magma huzaliwa tu pale mgandamizo unapopungua, maji yanapoingia, au joto linapoongezeka.
2. Mabamba yanayoachana hupunguza mgandamizo, lakini si kila ufa umetanuka kiasi cha kuleta magma.
3. Milima ya Kilosa na Mikumi ni miamba geu ya kale iliyoachwa juu baada ya tambarare la Mkata kudidimia.
4. Chemchemi za moto huonyesha kwamba kuna ufa wa kina kirefu. Si ushahidi wa volkano.
5. Ufa wa Kilosa hujidhihirisha kwa maji na kwa mtikisiko. Fedha, sheria na elimu za kuwalinda watu wake zielekezwe huko, kwenye kingo za mito na kuta za nyumba, kwa sababu huko ndiko watu wamekwisha kupoteza makazi yao na ndiko wanakoweza kukingwa.